Tabitha Afunga Mkono Mzima, wa Kiharusi Uchume Chai

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umelalia chai, na Tabitha Mgaya ameshagombana na watu wawili. Mkono wake wa kushoto, ule mzima, umefungwa kifuani kwa kanga. Wa kulia unatangatanga juu ya mche, unabana majani mawili na chipukizi, unayaangusha. Anayafuata tena.

"Usiniangalie usoni," anamfokea mwandishi wa habari hii. "Angalia vidole."

Tabitha, mwenye miaka 44, amechuma chai milima ya Usambara tangu usichana, baba yake alipohamia kutoka Njombe kutafuta kibarua. Mwaka jana kiharusi kilimwangusha jikoni. Mguu ulirudi, ulimi ukarudi. Mkono wa kulia ukagoma katakata.

Sasa ni 1996, na shamba lililokuwa la umma limepata mmiliki mpya. Jumatatu ijayo kila mchumaji atapimwa: kilo ishirini ifikapo saa nane mchana, ama apoteze kazi pamoja na chumba cha kambini. Tabitha hana nyumba nyingine.

Aliyemfundisha kufunga kanga ni Hezekia Shemdoe, mhudumu wa mazoezi ya viungo hospitalini. Anamsaidia daktari mgeni anayetafiti jinsi ubongo unavyojifunza upya baada ya kuumia.

"Sehemu iliyokufa imekufa, mama, sikudanganyi," Hezekia alimwambia. "Lakini jirani zake wanaweza kufundishwa kazi yake. Ila mpaka mkono mgonjwa ulazimishwe. Ukiutegemea ule mzima, huu unastaafu."

Basi kwa muda wa saa sita kila siku kanga haifunguliwi. Hata ugali anamega kwa kulia, mchuzi unamwagikia gauni, analia kwa hasira, anamega tena. "Wee! Siku ya kwanza nilitamani kumrushia Hezekia sahani," anasema.

Lakini kilichomrudisha nyuma si ugali, ni wema. Kambini hapa mchumaji akiugua, wenzake humjazia tenga. Kila apitaye hutupia konzi moja la majani. Ndivyo walivyombeba Tabitha kwa miezi. Daktari akashangaa kilo zinapanda huku vidole vimelala vilevile. Alipouliza, Tabitha aliona aibu, maana alikuwa akijua muda wote; tangu hapo anakataa kujaziwa.

Leo Mwanaisha, jirani yake mwenye umri wa miaka ishirini, anapita na kutupia konzi lake kama kawaida. Tabitha anayachota majani yale kwa mkono mbovu, anayarudisha kwenye tenga la mwenziwe. Nusu yanamwagika.

"Jamani, mama!" Mwanaisha anamaka. "Jumatatu watakufukuza. Utalala wapi?"

"Najua! Lakini ukinichumia wewe, mkono wangu unajifunza nini?"

Mwanaisha anafuta machozi kwa upindo wa kanga, anahamia mstari mwingine.

Saa nane mzani unasoma kilo tisa. Wiki tatu zilizopita, siku ya kwanza bila kujaziwa, zilikuwa mbili. Jumatatu atafungua kanga achume kwa mikono yote miwili. Huenda akafika kumi na tano. Ishirini hazifiki, naye haoni haya kusema hivyo. Anakaa, anasimama, anaukanda mkono, anakaa tena.

"Nitamwambia tajiri, hizi ni zangu mwenyewe. Nipe miezi miwili, nitakuletea ishirini."

Na akikataa?

Tabitha anatazama mstari wa pili, alikoinama Mwanaisha.

"Nitabisha hodi kwa yule pale," anasema. "Kitanda chake nitapokea. Majani yake, hapana."