Spika Alipofungua Kinywa

Tangu mdogo wake alipoanza kusema, au tuseme alipoanza kujaribu kusema, msusi ndiye aliyekuwa mdomo wake. Mtoto alikuwa na kigugumizi kizito. Neno lilimkwama kooni, macho yakamtoka, shingo ikamkakamaa, na dada mtu hakuwa na moyo wa kumtazama akihangaika. Alimsaidia kulitoa. Mwalimu akiuliza jina, dada alijibu. Mwenye duka akiuliza anataka nini, dada alijibu. Wazazi walipotangulia mbele ya haki wakabaki wawili, akazidi kumkingia kifua, asije mtu akamcheka naye yupo.

Wakakua hivyo hivyo. Dada akafungua saluni, chumba kirefu chenye vioo kuta zote mbili na harufu ya dawa ya nywele isiyotoka hata ukifungua madirisha. Mdogo mtu akapata kazi ya kutengeneza kompyuta katika chuo cha makatibu muhtasari. Aliipenda, maana kompyuta haikuulizi umeamkaje. Jioni alikula, akaosha sahani yake, akajifungia chumbani kutengeneza gemu. Msusi hakuelewa sana mambo hayo. Alichokiona ni kwamba ndugu yake akikaa mbele ya laptopu yake, mabega yanashuka na uso unakunjuka.

Jioni moja alimkuta anacheka peke yake na simu, machozi yanamtoka.

"Kuna nini? Nichekeshe na mimi."

Akampa simu. Lilikuwa kundi la mtandaoni la watu kama yeye, wanaotengeneza gemu bila kampuni wala bosi, kila mtu na kona yake nyumbani kwake. Walikuwa hawajawahi kuonana. Na mchangamfu kuliko wote, anayetania, anayepatanisha waliogombana, anayeandika aya baada ya aya mwenzake akikwama, alikuwa mtu waliyemwita Spika.

"Huyu Spika ana maneno jamani!" msusi alisema huku akifuta kioo cha simu kwa kidole ili asome zaidi. "Ni nani huyu?"

Ndugu yake akajigusa kifuani.

Msusi alimtazama, akaitazama simu, akamtazama tena. Mtu aliyekaa naye nyumba moja miaka yote hiyo, anayeweza kumaliza wiki kwa maneno ya kuhesabika, huko alikuwa hafungi mdomo.

Halafu ndugu yake akamwonyesha kilichokuwa chini zaidi. Kundi lilitaka kukutana ana kwa ana, wacheze gemu za wenzao, waambiane ukweli. Na wote kwa kauli moja walitaka Spika aandae na awe mwenyeji. Naye, kwa vidole vyake mwenyewe, alikuwa amekubali.

"Sa-sa-sasa na-nafanyaje, Dada?"

"Unafanyaje nini? Jumapili saluni imefungwa. Waje."

Tangu hapo msusi akawa mbioni. Alimleta fundi umeme aongeze soketi, maana zile za mashine za kukaushia nywele zisingetosha. Aliazima viti kwa mshonaji wa jirani, akamweleza kwa kujidai kwamba anapokea wageni wa teknolojia. Alihamishia nyuma madumu ya shampuu na mabunda ya nywele za bandia, akazivika besheni za kuoshea vichwa vitambaa safi, ziwe meza. Ndugu yake alichora tangazo la mlangoni, akavuta nyaya, akazibandika sakafuni kwa gundi asije mtu akajikwaa.

Shida ilikuwa simu. Wageni walianza kupiga kuulizia njia, na msusi ndiye aliyepokea.

"Naomba kuongea na Spika," alisema mama mmoja mwenye sauti ya upole, aliyejitambulisha kuwa muuguzi.

"Spika anaoga, dada yangu. Nikuelekeze mimi."

Alasiri akapiga mwingine, mzee mwenye sauti nzito. Spika alikuwa anaoga. Jioni muuguzi akapiga tena, Spika bado anaoga.

"Mtu msafi sana huyo," muuguzi alisema, wakacheka wote wawili.

Jumapili asubuhi msusi alikuwa ameshaandaa kichwani maneno ya kukaribisha, na alikuwa anayajaribu mbele ya kioo, mkono kiunoni, ndugu yake alipoingia na shati lake la kitenge lililonyooshwa vizuri.

"Dada. Ni-ni-nitasema mwenyewe."

"Utaweza?"

"Si-sijui."

Msusi alitaka kumbishia, lakini namna alivyosimama ilimzuia. Akamtengeneza kola tu.

Walikuja wengi kuliko walivyotarajia, kila mtu na begi lake mgongoni, wengi wakisimama mlangoni kwa haya kama wanaosubiri kuitwa na daktari. Kisha mmoja akataja jina lake la kwenye kundi, mwingine akapiga kelele, "Kumbe ndiwe wewe!" na haya zikaisha. Akaingia mzee wa miraba minne, mpima ardhi mstaafu. Aliposalimia kwa sauti iliyotikisa vioo, vijana walimrukia wakamkumbatia. "Spika! Tulijua tu!"

"Niacheni jamani, mimi si Spika," mzee alisema, akijinasua. "Na mimi namtafuta."

Vichwa vikaanza kugeuka. Ndugu yake msusi alikuwa pembeni, karibu na swichi kuu, ameshika waya usiohitaji kushikwa. Akauweka chini. Akaja katikati ya chumba.

"Ka..." alianza. "Ka-ka-ka..."

Watu walimtazama, na vioo vya pande zote vikawazidisha, ikawa kama halaiki nzima inamtazama. Msusi alikuwa amesimama kwenye pazia la nyuma na neno lile analo mdomoni, zima, tayari. Karibuni. Ilikuwa kulitoa tu. Mguu wake ulikuwa umeshasogea mbele. Hapo ndugu yake akamwona kiooni, na bila kugeuka akamtikisia kichwa, kidogo sana, hata hakuna mwingine aliyeona.

Msusi aliuma midomo. Alishika pazia kwa mikono yote miwili. Hakuwahi kubeba kitu kizito kama neno lile.

"Ka-ka..."

"Chukua muda wako, mwanangu," alisema mpima ardhi, akavuta kiti akakaa. "Sisi tumekuja kushinda hapa." Wengine nao wakakaa. Hakuna aliyetazama simu, hakuna aliyekohoa.

"Karibuni," alisema. "Mi-mimi ndiye Spika."

Kisha yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kucheka, mabega yakimtikisika, na chumba kizima kikaangua kicheko pamoja naye, kicheko cha watu waliofurahi kumpata mtu wao. Muuguzi alipiga makofi. "Ndiyo maana alikuwa haishi kuoga!"

Akaendelea kusema. Alieleza kwa nini alitaka wakutane: kwamba kazi hii mtu huifanya gizani, hajui kama kuna atakayeicheza, na yeye amechoka kuwa peke yake. Ilimchukua muda mrefu. Kila sentensi ilifika mwisho wake.

Msusi hakuisikia yote. Alikuwa ametoka uani, kwenye kamba za taulo, anajifuta uso kwa taulo bichi. Muuguzi alimfuata.

"Wewe ndiye dada yake wa kwenye simu."

"Ndiyo mimi."

"Nilitaka kuacha gemu yangu, mwaka jana. Nilimuuguza mume wangu, nikampoteza. Kila asubuhi nilikuta ujumbe wa Spika. Hakunipa pole nyingi. Aliniuliza tu, leo kitanda kimefika wapi? Maana gemu yangu ni ya kusukuma kitanda cha mgonjwa." Akatabasamu. "Nikaona aibu kumjibu kila siku kwamba hakijasogea."

Msusi alimshika mkono wakarudi ndani.

Mchana wote saluni ilivuma. Mtu mmoja alijaribu kucheza kwa kuitazama laptopu yake kiooni, akajikuta kulia kumekuwa kushoto, akatumbukia shimoni, na ghafla kila mtu alitaka kujaribu hivyo hivyo. Umeme ulipokatika kwa mzigo wa nyaya, walisogeleana kwenye laptopu zilizobaki na chaji. Msusi mwenyewe alikalishwa kwenye kiti chake cha wateja, akasukuma kitanda cha muuguzi akagonga ukuta, akagonga tena, mgonjwa akaanguka.

"Usije kazini kwangu," muuguzi alimwambia.

Walipoondoka, jua likiwa limelalia vioo, ndugu wawili walianza kuosha vikombe. Yalikuwa yamebaki maziwa kwenye birika. Ndugu yake akajimiminia kikombe, akanywa chote, akajimiminia kingine.

Msusi akasimamisha mikono ndani ya povu. "Wewe si hunywi maziwa?"

"Na-nani alisema?"

"Wewe! Tangu utoto. Kila ulipopewa maziwa ulikuwa unaanza, si, si, si... nami namalizia, sitaki."

Ndugu yake alishusha kikombe. Alianza kusema, akakwama, na msusi akangoja, maji yakimchuruzika viwikoni.

"Sikatai," alisema hatimaye. "Nilikuwa na-nataka kusema, sikatai."

Msusi alimtazama mtu mzima yule mwenye masharubu ya maziwa, akafikiria vikombe vyote alivyowarudishia watu kwa niaba yake. Akacheka mpaka akakaa chini sakafuni, akalia kidogo, akacheka tena. Ndugu yake akaja akakaa kando yake.

"Haya niambie," msusi alisema, "na mengine. Nilikukosea wapi tena?"

"Ni-ni mengi, Dada."

"Sema tu. Nasikiliza."

Ndugu yake akaegemea ukuta, akaanza kumwambia.