Kitabu Kilichouhamisha Mlima wa Tororo

Kabla ajali haijamlaza kitandani, Baba alikuwa dereva wa lori. Alibeba pamba na samaki wakavu kati ya Busia na Tororo, mpaka siku ya mvua lori lilipopinduka karibu na Mukuju. Yeye alivunjika uti wa mgongo. Mdogo wake, aliyekuwa utingo wake, alifia palepale. Baba alipozinduka hospitalini, maiti ilikuwa imekwisha kuzikwa Masinya, kwenye boma la babu. Tangu hapo hakulitaja jina la baba mdogo, nasi tukazoea kutolitaja.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya wasichana mjini Tororo, na jioni nilimsomea magazeti. Miaka michache kabla ya Uhuru, Mzungu mmoja wa reli aliuza vyombo vyake ili arudi kwao. Kaka yangu akanunua kwake riwaya ya Kiingereza, kwa sababu jaladani palichorwa mlima wetu. Ilikuwa hadithi ya jasusi aliyewafuata wezi wa almasi hadi Tororo.

Baba aliomba mto mwingine aketi vizuri.

"Tafsiri polepole," akaniambia. "Hiyo barabara mimi naijua kona kwa kona."

Jasusi aliposhuka kwenye gari la moshi alikuta mchanga na ngamia. Mlima ulikuwa umehamia ng'ambo ya ziwa, na ziwa lenyewe, ambalo Tororo halionekani, lilikuwa dirishani mwa hoteli. Mpaka wa Busia, ambao kina mama waliuvuka na vikapu vyao vya samaki bila kuulizwa kitu, kitabuni ulikuwa na ukuta na mizinga.

Mwanzoni Baba alicheka.

"Huyu mwandishi hajafika hapa," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyengojea mgeni siku nzima bure. "Haya, soma. Labda kwenye barabara atapatia."

Barabarani wezi walilishambulia gari lililombeba jasusi. Dereva, Mwafrika asiyepewa hata jina, akapigwa risasi. Jasusi alimsukuma nje, akashika usukani, na ukurasa uliofuata alikuwa akinywa wiski na binti wa gavana.

"Ngoja," Baba akasema. "Yule dereva?"

"Amekufa, Baba."

"Hilo nimesikia. Nani amemzika?"

Nilipekua kurasa za mbele. "Hawasemi."

"Hata kurudi kumwokota hawakurudi?"

"Hawasemi, Baba."

Aligeuza uso ukutani. Nilidhani amechoka, nikakifunga kitabu.

"Mdogo wangu alikuwa juu ya magunia," alisema. "Aligonga bati juu ya kichwa changu nipunguze mwendo. Mimi nikadhani anacheza, maana alipenda mchezo." "Sikumwona akizikwa. Nipelekeni."

Jumapili kaka yangu aliazima lori, tukatandika godoro nyuma, tukampeleka Masinya. Bibi, mama yao, hakuwa amekanyaga kwetu tangu ajali, na Baba aliamini kwamba alimlaumu kwa kifo cha mwanawe. Alitupokea, akatuongoza hadi kaburini. Kaburi lilikuwa limedidimia, na muhogo umepandwa hadi ukingoni. Tulimlaza Baba mkekani kando yake. Akaweka kiganja kwenye udongo, akaliita jina la mdogo wake kama mtu anayemwita aliye nyumba ya pili.

Bibi aliketi chini, akakipakata kichwa cha mwanawe.

"Nilikuwa naogopa kukuona umelala," alimwambia. "Mmoja yuko chini ya udongo, mwingine kitandani. Ningewaangaliaje wote wawili?"

"Mama, aligonga bati. Sikusimama."

"Alikuwa akigonga hata sufuria zangu," Bibi akasema, kisha wote wawili wakalia. Mimi na kaka yangu tukasogea kwenye muhogo, maana hatukujua tushike nini.

Baba hakumaliza mwaka. Tulimrudisha Masinya kwa lori lilelile la kuazima, na Bibi ndiye aliyeonyesha pa kuchimba.