Mnyama wa Ziwa na Migomba ya Shangazi

Kabla hujawacheka watu wa ziwa letu, elewa kwanza utaratibu wao. Si mgumu. Ziwa lile dogo la upande wa Biharamulo lilisemekana kuwa na mnyama mwenye shingo ndefu na kichwa cha kondoo. Hakuwa mkorofi. Alitaka tu amwagiwe rubisi, pombe yetu ya ndizi, kabla mtumbwi wa kwanza wa msimu haujaingia majini. Rubisi hiyo lazima itokane na ndizi za ufukoni, na mmwagaji awe mtu wa ukoo wa pale pale, anayeishi bado ufukoni.

Watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, ukoo huo wote ulipelekwa barabarani, njia ya Nyakahura. Akabaki shangazi yangu peke yake, mjane, katikati ya migomba alimozikwa mumewe. Wakubwa walimsahau, naye hakuwakumbusha. Lakini vita vilipoanza mpakani, kukaa peke yako kukawa suala la usalama. Mwenyekiti wa kijiji akanichukua mimi, mwalimu wa shule ya kijiji, twende tukamshawishi ahame.

"Shikamoo, mama," alisema mwenyekiti.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunywa au kunihamisha?"

"Kukuhamisha, mama."

"Basi kunywa kwanza."

Akanywa. Kisha akaeleza kwamba nyumba itabomolewa, migomba ifyekwe, pawe shamba la kijiji. Na yule mnyama, aliongeza, ni imani za kizamani.

"Kama hayupo, hayupo," shangazi alijibu. Lakini alikuwa ameshika shina la mgomba ulio karibu na kaburi, na hakuliachia mpaka tulipoondoka.

Juma hilohilo kijiji kiliagizwa kuchangia samaki wakavu kwa ajili ya askari. Wavuvi wetu walikuwa Wasukuma waliohamia kutoka Mwanza, watu waliokulia majini, na mnyama wetu walikuwa wakimcheka waziwazi. Tatizo ni kwamba walikuwa wakimchekea nchi kavu. Mmoja wao alipoona shingo ikikata maji mchana kweupe, mitumbwi yote ikapandishwa ufukoni.

"Ni fisimaji tu huyo!" mwenyekiti alifoka.

"Sawa, Ndugu Mwenyekiti. Tangulia wewe, sisi tutakufuata."

"Mimi nina kikao."

"Hata sisi tuna kikao. Tunakaa."

Mtu mwingine angetumia nguvu. Mwenyekiti wetu alikuwa na akili, akarudi kwa shangazi kuomba rubisi. Shangazi akamkumbusha taratibu kwamba migomba inafyekwa, naye mwenyewe anafunga mizigo.

Kuiandikia wilaya kwamba mjane ameachwa ufukoni kwa ajili ya mnyama kusingewezekana. Wilaya nzima ilishatangaziwa kwamba mnyama hayupo. Basi mkutano wa kijiji ukamteua shangazi kuwa mlinzi wa ziwa dhidi ya adui, akae kwenye migomba yake asibanduke. Rubisi ikamwagwa, samaki wakavuliwa.

Jioni nilimkuta akipalilia pembeni mwa kaburi, uso umekunjamana.

"Wanataka kila Jumamosi nipeleke taarifa ya nilichokiona," alisema. "Mwanangu, tangu nizaliwe sijaona kitu kwenye ziwa hili. Nitasema nini?"

Nikamweleza asiwe na wasiwasi. Aseme hali ni shwari. Walinzi wote husema hivyo.