Nyimbo za Kijapani Juu ya Sauti ya Mamkubwa

Nakumbuka Ijumaa moja hapa Ibra, huku Uarabuni, mjukuu wangu, nilipokuwa na miaka kumi na tisa, nina kazi yangu ya kwanza, na nikijiona nimeshafika. Nilikuwa dereva wa mhandisi wa Kijapani aliyekuja kuchimba visima, mtu mpole, tukimwita Mista Kenji. Ndani ya gari yake mlikuwa na kaseti moja tu, ya mwanamke wa kwao aliyetunga nyimbo zake mwenyewe na kuziimba huku akipiga piano. Tulikwenda nayo Sur, tukarudi nayo, tukapanda nayo mpaka Nizwa. Sikufahamu hata neno moja. Lakini mwezi haukwisha nikawa naziimba nikioga, na dada zangu wananicheka kuwa nimepandwa na shetani wa Kijapani.

Mista Kenji alinifasiria kidogo, nusu kwa Kiarabu chake cha kuokoteza, nusu kwa mikono. Wimbo mmoja ulikuwa wa koti la baba lililobaki nyuma ya mlango, na hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kulitungua. Mwingine ulikuwa wa ndugu wawili wa kike waliokuwa wakiandikiana barua, mpaka mmoja akaacha kujibu. Huo wa ndugu wawili ulikuwa wa mwisho kwenye kaseti, na ndio nilioupenda kuliko zote. Usinicheke. Mimi huyu unayeniona na bakora yangu, nililia ndani ya gari ya kampuni.

Basi Ijumaa hiyo Mista Kenji alikuwa anarejea kwao moja kwa moja. Baada ya sala nilimwomba kaseti yake nikainakili, nimrudishie kabla ya alasiri. Kaseti tupu sina, na maduka yamefungwa. Mama alikuwa nyumba ya pili, msibani kwa jirani. Nikafungua kopo la biskuti alimoweka kaseti zake, nikatoa moja isiyokuwa na maandishi, imefungwa uzi mwekundu. Vile vijino vya plastiki vya nyuma vilikuwa vimevunjwa, mtu asiweze kurekodi juu yake. Yaani kaseti yenyewe ilikuwa inanikataza. Mimi nikaziba matundu kwa karatasi, nikabonyeza kitufe, nikaenda zangu kunywa kahawa. Nyimbo zilipokwisha kunakiliwa, nikaifunga tena uzi wake, nikairudisha koponi ikae na nyenziwe.

Siku zile, mwanangu, jamaa zetu waliobaki Unguja tulipohamia huku hawakuandika sana. Walikaa mbele ya redio ya kurekodia, wakazungumza nusu saa, wakampa msafiri kaseti atuletee. Mamkubwa Zuwena, dada yake mama wa tumbo moja, alituletea moja namna hiyo, kisha hata mwaka haukupita akafariki. Mama hakujua kusoma, kwa hivyo kaseti zake alizitia alama kwa nyuzi. Kila Ijumaa baada ya chakula alimfungulia dada yake, akawa anamjibu peke yake chumbani, "Ee, dada. Hata mie." Ile sauti niliijua, nimeisikia nikipita mlangoni mara nyingi. Kaseti yake sikuwahi hata kuitazama.

Ijumaa iliyofuata mama aliiweka kaseti yake kama kawaida. Ikatoka piano. Akaizima, akautazama uzi, akaiwasha tena. Nilikuwa ukumbini, na pale pale nikajua nilichokifanya.

"Nani kafanya haya?" akauliza.

"Mimi, mama. Sikujua."

Hakunipiga, wala hakupandisha sauti. Nilitaka anipige. Alikaa mikono mapajani akazisikiliza nyimbo zote, mmoja mmoja, upande mzima, na mimi nimesimama mlangoni sithubutu kuondoka. Wimbo wa ndugu wawili ulipokwisha, kaseti ikakwaruza kidogo, kisha akatokea Mamkubwa Zuwena, wazi kama yumo chumbani: "Lifungeni dirisha hilo, mvua inaingia. Haya, mdogo wangu, mie nimechoka kusema. Tutaonana." Halafu kaseti ikafika mwisho. Hayo tu ndiyo yaliyosalia.

Mama akacheka, kisha akalia. Nami nikalia.

"Huyu bibi anaimba nini?" akaniuliza baadaye, akijifuta macho. Nikamweleza habari ya wale ndugu wawili na zile barua. "Maskini," akasema, "kumbe na yeye kaondokewa." Kisha akanitazama. "Ungeniuliza, Saidi. Nilikuwa nyumba ya pili tu. Ungeniuliza."

Nimekwishasemwa na wakubwa wengi, lakini hakuna neno lililonichoma kama hilo.

Mama aliisikiliza kaseti ile kila Ijumaa mpaka alipofariki. Nilimwonyesha namna ya kuipeleka mbele ili amfikie dada yake upesi, akakataa. "Mwache bibi wa watu amalize," alisema. Mwishowe alikuwa anazighani zile nyimbo kwa Kijapani chake cha kubuni, akimsubiri dada yake aje afungishe dirisha.

Ndiyo maana jana, mjukuu wangu, uliponiamkia ukanisikilizisha simu yako, nikaisogeza sikioni mwangu. Ni yeye yule, mwimbaji wa kaseti ya Mista Kenji, na piano yake. Sikujua kama vijana wa leo mnampenda. Kisha ukasema, "Babu, simu imejaa. Nafuta sauti anazonitumia shangazi, zote sawasawa, umekula, umefika, khalas, basi." Nikakushika mkono, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Niliiona karatasi ile niliyozibia matundu.

Nyimbo zipende, mwanangu, nami nitakaa tusikilize pamoja. Lakini za yule bibi ziko kwa watu dunia nzima, zikipotea kwako utazipata kwa mwengine. Sauti ya shangazi yako akikuuliza wewe kama umekula haiko pengine popote. Kabla ya kufuta cha mtu, uliza. Ukikosa wa kumuuliza, kiache kilivyo. Na aliye hai usingoje umsikie kwenye mashine, mjibu leo.

Mola akujaalie watu wa kukuuliza kama umefika, awape umri mrefu wakuchoshe kwa kukuuliza. Sasa inuka, mpigie shangazi yako Sur. Mwambie umekula.