Kahawia au Nyekundu

Hospitalini walimwita Mashuka, kwa sababu kazi yake ilikuwa mashuka: kuyapokea na damu na jasho la watu, kuyafua, kuyapiga pasi, kuyarudisha wodini yamekunjwa kona kwa kona. Jina likamfuata mpaka mtaani. Mumewe alikuwa fundi umeme, mtu wa mzaha, asiyeweza kuoga bila kupiga mluzi. Asubuhi moja alipanda pikipiki kwenda kazini, akagongwa na lori kabla hajafika barabara kuu. Begi lake la vifaa halikuonekana tena. Waliowahi kufika pale waliwahi na begi.

Msibani watu walimsifu mjane. "Yule mwanamke ana moyo," walisema, kwa kuwa hakuna aliyemwona akitoa chozi. Moyo wenyewe hakuwa na habari nao. Alijiona kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unajua ni wako, lakini ukiuminya huusikii. Alirudi kazini mapema kuliko alivyotakiwa. Akipewa chakula alikula. Akiulizwa kama amelala salama alisema salama, na hakuwa anadanganya, maana alilala kama gogo.

Hawakuwa wamejaliwa watoto, kwa hiyo nyumbani walibaki wawili, yeye na baba mkwe wake. Mzee huyu alikuwa fundi wa simu za mezani, enzi za kukwea nguzo na mkanda kiunoni, na mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mzee Waya. Alipostaafu aliingia kwenye redio za ridhaa, zile ambazo mtu huchukua leseni, akakaa chumbani kwake na kuzungumza na watu wa nchi za mbali wenye wazimu kama wake, bila faida yoyote zaidi ya kusikiana. Redio yake iliungua siku ya radi. Mwanawe akamwagizia nyingine, ya kujiundia, inayokuja vipande vipande kwenye boksi. Walipanga waiunde pamoja, baba na mwana.

Boksi lilifika msiba ukiwa umeshaanuliwa. Tarishi aligonga mlango akauliza jina la marehemu.

"Hayupo," Mashuka alisema.

"Atarudi saa ngapi?"

"Nipe mimi nitie sahihi."

Akatia sahihi, akaliweka boksi mezani mbele ya mzee, akaenda kuendelea kuosha vyombo. Mzee Waya alilitazama kwa siku kadhaa kama mgeni ambaye hajasema shida yake. Kisha siku moja mkwewe akarudi kazini akamkuta amelifungua. Mezani kulikuwa na bodi ya kijani yenye matundu, mchoro wa kuundia, chuma cha kulehemu kilichokuwa kinafuka moshi, na kisahani cha chai kilichojaa vidude vidogo vya buluu, kila kimoja kama punje ya mchele iliyotobolewa na waya.

"Mkwe," mzee alisema bila kuinua kichwa, "hebu njoo. Huu mstari ni kahawia au nyekundu?"

Mashuka alikichukua kile kidude akakisogeza dirishani. "Kahawia."

"Una hakika?"

"Baba, hii ni kahawia kama meza."

Mzee aliguna. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili, na kwake kahawia, nyekundu na rangi ya chungwa zilikuwa kitu kimoja, rangi ya chai iliyokaa sana. Mashuka alijua kwamba hasomi tena magazeti. Hakujua kwamba imefika hapo.

"Hizi zinaitwa rezista," mzee alimweleza. "Kazi yake kuubana umeme upite kiasi. Nyingine inabana kidogo, nyingine inabana mpaka basi. Hazikuandikwa namba, zimepakwa rangi. Ukikosea rangi umekosea redio."

"Si kuna mita ya kupimia?"

"Ilikuwa kwenye begi."

Mashuka alivuta kiti akakaa.

Basi ikawa hivyo. Akitoka kazini anapika, wanakula, wanaondoa sahani na kusogeza bodi. Mzee alimfundisha hesabu ya rangi kama mwalimu wa chekechea: nyeusi sifuri, kahawia moja, nyekundu mbili, chungwa tatu, manjano nne, kijani tano, buluu sita, zambarau saba, kijivu nane, nyeupe tisa. Mistari mitatu ya kwanza ni tarakimu, wa nne ni kizidisho, yaani uongeze sifuri ngapi, wa tano unaonyesha tu kiwanda kinakubali kukosea kiasi gani. Huo wa tano umekaa mbali kidogo na wenzake, na ndio unaokuambia uanzie upande gani. Mbali kidogo, yaani upana wa unywele.

Mashuka hakuona ugumu. Mashuka ya hospitali nayo yalishonwa uzi wa rangi pembeni ili ya wodi moja yasiende kulala wodi nyingine, na kwa miaka yote hiyo mikono yake ilitenga nyekundu na kijani yeye mwenyewe akiwaza mambo mengine. Sasa hakuwaza chochote. Alisoma rangi, mzee akapiga hesabu, akapinda miguu ya waya, akaipenyeza kwenye matundu na kulehemu kwa kupapasa, uso karibu ugusane na bodi. Moshi wa risasi ya kulehemu uliwapanda puani. Kuna siku walimaliza jioni nzima na maneno yao yote yalikuwa ni rangi.

"Chumvi," mzee alisema siku moja katikati ya chakula.

"Nyingi?"

"Hamna."

Mashuka akaonja. Kweli haikuwemo hata punje. Alikuwa ameshakula nusu sahani.

"Na jana?" aliuliza.

"Jana na juzi pia. Nikadhani ni masharti ya daktari, mmenificha."

Jumapili alikuja wifi yake, dada wa marehemu, muuza vitambaa mwenye sauti ya kuita wateja. Alimsalimia baba yake, akatazama meza, akatazama ukuta wa jikoni uliokuwa umeshika masizi, akamvuta Mashuka uani.

"Wifi, mimi nasema wazi. Baba haoni. Wewe unashinda kazini. Siku atashika hicho chuma cha moto kwa upande usio wake tutasema nini? Nataka nimchukue akae kwangu."

"Sawa."

"Na wewe bado kijana. Nyumba hii inakushikia nini? Sikufukuzi, Mungu anajua. Nakuuliza tu."

Mashuka alilitafuta jibu kama mtu anayepapasa mfukoni. "Sijui," alisema.

"Aliyekufa ni kaka yangu, na mimi angalau nalia," wifi alisema taratibu. "Wewe unanitisha."

Mzee naye alipoambiwa hakubisha. "Redio ikiisha nitahama," alisema. "Siwezi kuhama na punje kwenye kisahani."

Ikaisha. Rezista zote zilipata matundu yake, hakuna iliyozidi wala iliyopungua, na mzee akazihesabu kwa vidole mara mbili. Wakaunga betri, wakatupa waya mrefu dirishani uwe antena ya muda. Mzee akawasha. Taa ndogo ikawaka. Akazungusha kitufe kushoto, akazungusha kulia. Redio ilikaa kimya, hata ule mvumo wa hewani haikutoa. Alikagua kila alipolehemu kwa ncha ya kucha, akatikisa kichwa.

"Macho yangu yameniharibia," alisema. "Nililehemu ovyo."

Mashuka hakumpinga, wala hakumfariji. Wifi alikuja na gari la kukodi, wakapakia nguo, dawa na kiti cha mzee. Redio mzee aliiacha mezani. Alipokuwa anaingia garini alimshika mkwewe bega, akalishikilia, kisha akaliachia.

Siku iliyofuata Mashuka alikuwa na zamu ya alfajiri, kwa hiyo mchana alikuwa nyumbani. Nyumba ilikuwa kimya naye aliona ni kawaida tu. Alipika chakula cha watu wawili, akagundua, akala cha mmoja. Kisha, kwa kuwa baada ya kula ndiyo saa ya kusogeza bodi, aliisogeza. Akachukua lenzi ya kukuzia ambayo mzee aliiacha, akaanza kusoma rangi upya, moja baada ya nyingine, kwa sauti, ingawa hapakuwa na wa kumsikiliza.

Alipofika kwenye moja karibu na ukingo alisoma: kahawia, nyeusi, nyeusi, nyekundu, kahawia. Elfu kumi. Sawa na mchoro. Akaendelea. Upande wa pili wa bodi akakuta: kahawia, nyekundu, nyeusi, nyeusi, kahawia. Mia na ishirini. Sawa na mchoro. Akataka kuendelea tena, akasita. Rangi zilikuwa zilezile. Ukiigeuza hii unapata ile. Zote mbili zilianza na kahawia na kumalizika na kahawia, na kumbe kila moja ilisomeka vizuri tu kutoka upande wowote.

Aliitazama ile nafasi ya upana wa unywele mpaka macho yakamtoka machozi ya kukodoa. Nafasi ilikuwa upande asioutarajia, kwa zote mbili. Alikuwa amezisoma kinyume, moja ikakaa mahali pa nyingine, ndiyo maana hesabu ilitimia na hakuna aliyeshuku. Mzee hakulehemu ovyo.

Alizing'oa kwa chuma cha moto kama alivyoona mzee akifanya, akajiunguza kidole, akazifunga kwenye karatasi akampelekea fundi simu aliyekuwa na kibanda karibu na duka la dawa. Fundi alizishika na mita yake.

"Hii mia na ishirini. Hii elfu kumi," alisema. "Unazifanyia nini, dada?"

"Nilizichanganya."

"Hizo huchanganya kila mtu. Mimi siku hizi sisomi rangi, napima tu." Akamtazama kidole. "Umeungua."

"Ndiyo," Mashuka alisema. Lilikuwa lengelenge kubwa, na lilikuwa linauma. Aliligusa tena ili aone kama kweli linauma.

Alizirudisha kila moja mahali pake. Alipowasha, redio ilivuma kama mvua juu ya bati, na ndani ya mvumo ule mtu akawa anaita, akitaja herufi na namba zake, akingoja, akiita tena. Mashuka alisikiliza kidogo. Akazima. Akafunga redio kwenye shuka kuukuu, akaenda nayo kwa wifi yake.

Wifi aliishi ghorofani, na waya wa antena waliutandaza kwenye kamba ya kuanikia nguo. Mzee Waya alisikia ule mvumo, akakaa chini taratibu.

"Ilikuwa nini?"

"Rezista mbili. Nilizisoma kinyume. Mikono yako haikukosea kitu, Baba."

Mzee alichukua kipaza sauti, akataja namba zake za leseni, akaachia kitufe. Mara ya tatu akajibiwa. Alikuwa mtu mzima kwa sauti, yuko mbali lakini anajua Kiswahili, kwake kulikuwa na baridi, na alitaka kujua redio ni ya aina gani.

"Ya kujiundia," mzee alisema. "Mwanangu aliniagizia. Tumeiunda na mkewe."

"Hongera sana. Na mwanao yuko hapo? Msalimie."

Mzee alibonyeza kitufe, mdomo ukafunguka, sauti haikutoka. Kule upande wa pili mtu alikuwa anangoja. Wifi aliziba uso kwa kanga. Mashuka alikichukua kipaza sauti mkononi mwa mzee, akauliza kwa macho abonyeze wapi, akabonyeza.

"Amefariki," alisema. "Mume wangu amefariki."

Tangu siku ile ya lori alikuwa amesema hayupo, amesema mambo yametokea, amesema ndiyo hivyo. Neno lenyewe hakuwa amelitamka. Aliachia kitufe. Mvumo ukajaa chumba.

"Poleni," yule mtu alisema mwishowe. "Poleni sana. Mimi nipo, nasikiliza. Hata msiposema kitu."

Hawakusema kitu. Walikaa wote watatu wakisikiliza mvumo, na yule mtu mara mojamoja alisema "nipo", mpaka mawimbi yakambeba akapotea. Mashuka hakulia. Aliona tu kwamba anasikia njaa, jambo ambalo hakulikumbuka vizuri, akauliza kama kuna chochote jikoni.

Walipomaliza kula mzee alianza kukunja nguo zake na kuzirudisha kwenye begi.

"Baba, unakwenda wapi?" wifi aliuliza. "Si ulisema redio ikiisha unahamia kwangu?"

"Nilisema ikiisha," mzee alijibu. "Antena bado. Antena haikai kwenye kamba ya nguo, inataka nguzo, na nguzo inataka uwanja."

"Na itachukua muda gani hiyo nguzo?"

"Mimi sioni. Muulize msaidizi wangu."

Wifi alimgeukia Mashuka. Mashuka alikuwa anakunja ile shuka kuukuu, kona kwa kona.

"Muda, wifi," alisema. "Hata shimo hatujachimba."

Wifi alitazama mmoja, akatazama mwingine, akaenda kumtafutia baba yake viatu.