Jogoo wa Posa

Mbekenyera nzima wananiita Mwalimu Jogoo, na watoto wa darasa la pili wanadhani ndilo jina langu la ubatizo. Nimejitakia mwenyewe.

Mwaka 1996 nilikuwa mwalimu mgeni, Evodius kutoka Bukoba, sina dada wala shangazi huku kusini. Nilimpenda Winfrida hadi nikawa nasahihisha madaftari huku nacheka peke yangu. Baba yake, Mzee Augustino, akatuma habari: atakuja kula kwangu mchana, amwone huyo mtu wa mbali anayemtaka binti yake, ndipo aseme ndiyo au hapana.

Nikanunua jogoo, tena kubwa jinga. Winfrida, ambaye kwa heshima asingeweza kuja kunipikia kabla ya posa, alinionya: "Huyo kazeeka, mbandike alfajiri." Nikamjibu kuku ni kuku. Nikambandika saa sita na nusu. Na eti mimi ndiye nafundisha sayansi!

Mzee akafika saa saba na dada yake, Bi Dorotea. Supu ilinukia, nami nikadhani kunukia ndiyo kuiva. Nikamwekea Mzee paja, kama mgeni wa heshima. Akang'ata. Akavuta. Akaligeuza, kumbe kwenye mfupa damu bado mbichi.

"Mwalimu," akasema taratibu, "huyu bado anatusikiliza."

Bi Dorotea alicheka mpaka khanga ikamdondoka. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Mrudishe jikoni," akasema akijifuta macho. "Kuku mwenye damu haliwi, tutaharisha wote mpaka Ruangwa mjini watusikie."

Nikamrudisha. Kuni nazo zilikuwa mbichi. Nikapuliza, nikakohoa, nikapuliza tena, moyoni najisemea: basi, Winfrida ndiyo kashakwenda hivyo, kwa ajili ya jogoo. Jamani, nilimtaka yule binti! Machozi yakanitoka. Mzee kakaa uani ananitazama tu.

Jioni nyama ikaachia mfupa yenyewe. Mzee akala, akalamba vidole.

"Nilikuja nimeshapanga kukataa," akasema. "Lakini mwanaume anayelia kwa sababu wageni wake hawajala, kwake binti yangu hatalala njaa. Ila sufuria ashike yeye."

Miaka kumi sasa tuko pamoja, na Mzee bado anawasimulia watu machozi yale. Sijawahi kumwambia kwamba ulikuwa moshi, maana haukuwa moshi peke yake.