Gathogo wa Chevrolet Akagua Shamba kwa Ndege

Hebu mwone Gathogo akiingia mjini. Ni mwaka wa sitini na saba, asubuhi ya siku ya soko, na barabara kuu ya Eldoret imejaa mikokoteni, baiskeli, na ng'ombe wawili wasiojulikana ni wa nani. Kabla hujamwona yeye utaona pua ya gari. Pua inapita duka la vitambaa, inapita posta, na gari bado halijaisha. Ukishachoka kungoja ndipo yanapotokea mapezi mawili huko nyuma, yanang'aa, kama ya samaki aliyetoka ziwani akapotea njia. Hiyo ni Chevrolet, rangi ya samawati, iliyoachwa na mzungu aliyehama kwa haraka. Na kile kichwa kidogo kinachochungulia juu ya usukani, kofia imelala upande mmoja, ni cha Gathogo mwenyewe: dereva wa teksi, mume wa Muthoni, na kwa maneno yake, mtu pekee katika wilaya nzima anayeijua Amerika bila kufika.

Ukipanda gari lake kwenda Elgon View, mtaa wa wenye pesa, ulilipa nauli, mahubiri ukapewa bure. Ford, alisema, ni gari ya mtu aliyeamka mapema. Buick ni ya mtu aliyekwisha kula akashiba. Cadillac ni ya mtu ambaye hata Kifo kikija kumchukua kinavua viatu mlangoni.

"Na Chevrolet?"

Hapo alikuwa akipunguza mwendo ili usikie vizuri. "Chevrolet ni ya mtu ambaye bado anakwenda."

"Na Land Rover?"

"Hiyo ni kreti ya soda imepewa magurudumu."

Akimaliza magari alipanda juu zaidi, kwenye ndege. "Toa mkono nje, Mama. Nyoosha kiganja, kitazame chini. Sasa inua upande wa kidole gumba, kidogo tu." Upepo ukaurusha mkono juu na mama wa watu akapiga kelele. "Umeona? Sasa wewe ni ndege. Watu wanafikiri ndege inapiga mabawa kama kuku. Hapana! Bawa limekaa tu, limeinuka kidogo mbele. Linasukuma hewa chini, na hewa inalisukuma juu. Mambo ni manne: uzito unavuta chini, bawa linainua, injini inavuta mbele, na upepo unakushika shati nyuma. Ukiacha kukimbia unaanguka. Kama duka la mke wangu."

Jeconia Ogola, fundi wa magari aliyetoka upande wa Kisumu, ndiye aliyejua Chevrolet ile inaumwa wapi na wapi. Yeye hakuvumilia mahubiri. "Omera, ndugu yangu, hii yako ina mabawa huko nyuma. Mbona hairuki?"

"Ni leseni tu sijapewa."

Ndege yenyewe Gathogo hakuwa amewahi hata kuigusa. Elimu yote aliitoa kwenye jarida la zamani alilolikuta chini ya kiti cha gari, lenye picha nyingi na bila jalada. Lakini hakuna aliyemuuliza, naye hakuwa mtu wa kujibu asichoulizwa.

Muthoni hakuwa na habari na Amerika. Alikuwa na duka dogo la sukari, chumvi na mafuta ya taa, na kichwani mwake mlikuwa na neno moja: shamba. Siku hizo wazungu walikuwa wakiuza, na watu waliotoka huko kwao Murang'a na Nyeri bila hata mahali pa kuzikwa walikuwa wakichanga pamoja wakinunua. Muthoni aliingia kampuni iliyoitwa Tumaini. Alichanga faida ya duka, kisha akachanga duka lenyewe. Kama Tumaini wangenunua shamba zuri, yeye na Gathogo na watoto wangekuwa na kwao. Kama wangenunua baya, wangekuwa na Chevrolet.

Shamba lililopatikana lilikuwa upande wa Moiben, la mzungu ambaye watu walimwita Bwana Kofia kwa sababu hakuna aliyewahi kuona nywele zake. Sehemu ya mbele wanachama waliiona: mahindi, ngano, udongo mwekundu mpaka unatamani kuulamba. Lakini karibu nusu ya shamba ilikuwa nyuma ya kilima, na njia ya huko ilikuwa imeharibiwa na mvua. Bwana Kofia alisema huko ni malisho makavu, nyasi tupu. Alisema pia kuna wanunuzi wengine wanakuja kesho, kwa hiyo alitaka jibu leo. Na kama hawamwamini, ile pale ndege yake ndogo ya kutafutia ng'ombe waliopotea. Angeweza kubeba watu wawili wakajionee.

Wanachama waliokusanyika uwanjani hapo shambani wote waligeuka wakamtazama Gathogo, aliyemleta mkewe.

"Si huyu ndiye anatufundisha kila siku?" akasema mwenyekiti, Mzee Macharia. "Aende. Na katibu aende naye, tusije tukaletewa maneno ya teksi."

Katibu alikuwa Simeon, msomaji wa kanisani, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni. Alipauka kidogo, lakini katibu hawezi kukataa mbele ya watu.

Muthoni alimshika mumewe mkono wa shati. "Baba Njambi, huko nyuma ya kilima ndiko pengine tutajenga. Angalia kama unaangalia noti bandia."

"Mimi na ndege, Mama Njambi? Hii ni Chevrolet tu imekosa adabu."

Bwana Kofia naye aliwatuliza kwa Kiswahili chake. "Nyinyi hapana ogopa. Kama chini iko mawe, ama shamba ya kulima, jua napiga, hewa nakuja juu, ndege naruka kidogo. Kama chini iko maji, hewa baridi, ndege nashuka kidogo. Kawaida." Simeon akaomba waanze na sala. Aliombea mabawa, akaombea magurudumu, akaombea mafuta, akaingia kwa wajane, na alipokuwa akielekea kwa mayatima Bwana Kofia akawasha injini.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Ndege ilikimbia juu ya nyasi ikitetemeka, na Gathogo akainua kidole kumweleza Simeon, aliyekaa nyuma yake, kwamba sasa bawa linaanza kula upepo. Mara kutetemeka kukaisha. Ardhi ikaenda zake. Gathogo alitazama chini, akaona Chevrolet yote, pua na mapezi, imekuwa kama kiberiti, na pale pale macho yake yakajifunga kama duka lililosikia mkaguzi anakuja. Si yeye aliyeyafunga. Alijaribu kuyafungua kwa adabu, halafu kwa nguvu, halafu kwa kuyakumbusha mke na watoto. Yalikataa.

Lililobaki kazini lilikuwa tumbo. Tumbo likarushwa juu, likarushwa tena. Hayo bila shaka yalikuwa mashamba yaliyolimwa. Kisha Bwana Kofia akapaza sauti, "Kilima hiyo!" na baada ya kilima tumbo likashuka. Likakaa huko chini, likashuka tena, likaendelea kushuka muda mrefu kama ndoo inayotafuta maji kisimani. Ndipo wakageuka kurudi.

Na safari nzima kulikuwa na kitu cha moto kimemkandamiza begani. Lilikuwa paji la uso la katibu.

Simeon alishuka wa kwanza, akatapika kwa heshima nyuma ya gurudumu, akajipangusa mdomo, akanyoosha tai. Tai ilipokaa sawa, mtu akarudi kuwa katibu.

"Ndugu wanachama," akasema, "tumeona. Nyuma ya kilima ni tambarare safi. Nyasi kama zulia la kanisa. Ng'ombe wamelala, wameshiba mpaka wanatazama ndege kwa dharau."

Watu wakapiga makofi, wengine wakaanza kuimba. Muthoni hakupiga makofi. Alikuwa akimtazama mumewe.

Jiweke pale aliposimama Gathogo. Akinyamaza, yeye ni rubani, na jioni ile angenunuliwa chai mji mzima. Akisema katibu anadanganya, ataulizwa amejuaje. Na jibu la swali hilo lilikuwa moja tu, tena baya. Lakini tumbo lake lilikuwa bado halijarudi mahali pake, na mke wake alikuwa bado anamtazama.

"Katibu hakuona kitu," akasema, sauti ndogo. "Alifumba macho."

Simeon akacheka. "Uliniona vipi, na mimi nilikuwa nyuma yako?"

"Paji lako la uso lilikuwa begani mwangu toka tumeondoka mpaka tumerudi. Shati bado ina jasho yako."

"Haya basi. Wewe ambaye ulikuwa umefumbua, waambie watu. Nyuma ya kilima kuna nini?"

Gathogo akavua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeshonewa humo.

"Sijui," akasema. "Mimi pia nilifumba."

Wacha watu wacheke! Mama mmoja alikaa chini kabisa. "Ngai! Tumetuma vipofu!"

"Rubani! Rubani wa kwenda sokoni!" Jeconia, aliyekuja nao ili Chevrolet isiwazimikie njiani, alikuwa amejishika mbavu, machozi yanamtoka.

Mzee Macharia peke yake hakucheka. Alikuwa akihesabu kwa vidole, polepole. "Huyu alifumba. Huyu naye alifumba. Kwa hivyo kule juu, mwenye macho wazi alikuwa ni muuzaji peke yake?"

Kicheko kikakatika kama kamba.

"Mzee, tumbo langu halikufumba," Gathogo akasema. "Bwana amesema mwenyewe: kwa shamba ya kulima ndege inaruka, kwa maji inashuka. Huku mbele tuliruka. Kupita kilima tulishuka, na tukaendelea kushuka. Huko kuna maji."

"Hapana, hapana," Bwana Kofia akadakia. "Hiyo iko upepo ya kilima tu."

"Kilima kiliisha, Bwana. Mimi sikuisha kushuka."

"Yaani sasa tununue shamba kwa tumbo la mtu?" akauliza Simeon. "Tuandike hivyo kwa mkataba?"

Muthoni alikuwa amekwisha kujifunga leso kiunoni. "Maneno imetosha. Baba Njambi, washa gari."

"Lakini njia imeharibika."

"Si ulisema ni ndege?"

Wakapanda: Muthoni na Mzee Macharia mbele, Simeon nyuma ili asipate la kusema baadaye, na Jeconia pamoja na kundi la wanachama wakifuata kwa miguu wakisukuma kila gari lilipokwama. Matope yaliwarukia mpaka kwenye meno. Bwana Kofia hakuja. Alisema amekumbuka kazi.

Walipofika juu ya kilima, walisimama. Chini yao kulikuwa na kijani kitupu, laini, tambarare, hakuna jiwe wala kichaka.

"Nilisema nini?" Simeon akashangilia. "Zulia!"

Na kweli lilikuwa zulia. Hata mtu aliyefumbua macho yote mawili angeapa vivyo hivyo. Muthoni akateremka mpaka ukingoni, akakanyaga, akarudi na kiatu kimelowa.

"Ni mvua ya jana," akasema Simeon. "Mguu wa mtu hautoshi, Mama. Swali ni moja: trekta itasimama hapa ama haitasimama?"

Trekta hawakuwa nayo. Kila mtu akatafuta kitu kizito kwa macho, na macho yote yakaishia mahali pamoja.

"Usinitazame hivyo," Gathogo akamwambia mkewe.

"Sijasema kitu."

"Ndiyo hiyo. Afadhali ungesema."

Akawashusha wote. Akafuta vumbi kwenye dashibodi kwa mkono wa shati, kazi ya bure kwa siku kama ile. Kisha akaachilia breki.

Chevrolet iliteremka kwa fahari, ikaingia kwenye kijani kama bibi harusi. Mwanzo nyasi ziliibeba. Halafu ardhi ikaanza kuinuka na kushuka chini ya magurudumu kama blanketi lenye mtu ndani, na pua, ile pua ndefu ya kupita posta, ikainama taratibu. Maji meusi yakafunika taa. Gathogo alitokea dirishani, akapanda juu ya paa, akakaa hapo kofia mkononi, mapezi yakiwa yameelekea mbinguni nyuma yake.

"Mzee Macharia!" akaita. "Haitasimama!"

Tumaini walinunua sehemu ya mbele tu, baada ya Bwana Kofia kukasirika na kukasirikiwa. Vipande vilikuwa vidogo kuliko walivyoviota, lakini vilikuwa vikavu. Muthoni alipata chake karibu na njia, akajenga, na duka likafufuka. Chevrolet ilivutwa kwa mnyororo ikatoka na pezi moja. Jeconia akaifanya iwake, ila ilinuka chura, na watu wa Elgon View hawalipi nauli kunusa chura. Kwa hiyo Gathogo akawa mkulima wa mahindi, mwenye maneno mengi kuliko magunia, na watu wakamwita Tumbo mpaka nywele zikawa nyeupe.

Simeon hakuacha kusimulia alichokiona angani. Kila mwaka kiliongezeka: kwanza ng'ombe, halafu Mlima Elgon, mwishowe hata Ziwa Victoria na mitumbwi yake. Watoto walimpenda, na kusema haki, alisimulia vizuri. Gathogo, mtu wa mahubiri yale yote, akiulizwa kulikuwaje huko juu, alijibu neno moja tu: "Giza."

Sasa wewe uliyekaa nami mpaka hapa: watu uwanja mzima wakikutuma juu uwaangalilie maisha yao, na macho yakakukatalia, ungeshuka uwape zulia, au ungewapa giza?